Maji Matamu ya Kuoshea Pikipiki

Nilijifunza kuendesha pikipiki nikiwa na miaka arobaini na sita, na sababu ilikuwa uvivu tu. Chuo ninachofundisha ushonaji kiko Likombe, mimi nakaa Magomeni, na nilikuwa nimechoka kupanda bodaboda kila asubuhi nikiwa nimepakata majora ya vitambaa kama mtoto mchanga. Mume wangu akanitafutia iliyotumika, cc mia na ishirini na tano, nyekundu, kiti kimechanika. Kiti nikakishona mwenyewe. Kwa miaka minne nikawa naenda nayo kazini na sokoni, na sikuwahi kuitoa kwenye lami zaidi ya kuingia uani kwangu.

Mwaka nilipotimiza hamsini nikamwambia mume wangu kwamba nataka kwenda kuona mahali Ruvuma inapoingia baharini.

"Tutakwenda," akasema.

"Nakwenda peke yangu. Tukienda wawili utaendesha wewe."

Akacheka. Siku ya tatu akarudi kutoka kazini na tyubu mpya, pampu ya mkono na spana tatu, akanifanya nifungue gurudumu la nyuma pale uani, nitoe tyubu, nizibe, nirudishe. Nilipomaliza akasema, "Tena." Mara ya tatu majirani walikuwa wameshatoa vigoda wanatazama. Ndivyo alivyonipa ruhusa. Neno lenyewe hakulitamka.

Mimi si mtu wa pwani. Ni Mmakua wa Masasi, ndoa ndiyo iliyonileta Mtwara, na kwa miaka ishirini na sita nilikuwa nawasikia watu wakiutaja ule mto kama wanavyomtaja jirani mkorofi: umekula shamba la fulani, umehama, umerudi. Wanafunzi wangu kadhaa wanatoka huko. Hurudi kutoka likizo wakiwa na vumbi jekundu kwenye pindo za sketi, vumbi ambalo halitoki hata ukifua mara mbili. Nilitaka kuipita njia yao.

Niliondoka mwezi wa kumi, chuo kikiwa likizo, mara tu baada ya swala ya alfajiri. Nilikuwa nimejishonea vazi la safari: gauni la kitambaa kigumu lililoishia magotini, mifuko minne ndani, na chini yake suruali ya jinzi. Ushungi chini ya kofia ngumu. Nyuma nilifunga begi, mkeka, dumu dogo la petroli, na mkate ambao mume wangu aliuchomeka dakika ya mwisho bila kuniuliza.

Lami iliniacha karibu na Ziwani. Nakumbuka sauti kuliko kitu kingine. Kwenye lami pikipiki huimba wimbo mmoja. Kwenye changarawe ilianza kugombana na kila jiwe, na mikono yangu ikashika usukani kama mtu anayezuia mlango. Mume wangu alikuwa ameniambia, "Usiibane. Iache icheze, wewe angalia mbele." Ilinichukua karibu saa nzima kumwamini. Kila nilipolegeza mikono, gurudumu la mbele lilijitafutia njia lenyewe. Kila nilipoogopa na kubana, lilikwenda palepale nilipokuwa napaogopa.

Ulikuwa msimu wa korosho. Pande zote mbili za njia mikorosho imeinamisha matawi mpaka chini, na chini yake akina mama, akina baba na watoto wameinama wanaokota. Harufu ya mabibo yaliyochacha ilikuwa nzito, tamu na kali pamoja. Wakisikia mlio walisimama wima, mkono kiunoni, kutazama ni nani. Mwanamume mmoja aliyekuwa anafunga gunia akanipigia kelele, "Mama, unakimbia nini?"

Kabla sijajibu, mkewe akajibu kwa niaba yangu: "Anakimbia kupika!"

Shamba zima likacheka. Nami nikacheka ndani ya kofia, nikakosa kuona shimo, nikaruka nalo. Nilipotua bado niko juu ya kiti nilijiona mtu mkubwa sana.

Baada ya Madimba njia ikawa mchanga mtupu. Hapo nilianguka mara mbili, taratibu, kama mtu anayeketi. Mara zote mbili niliinuka nikatazama kama kuna aliyeniona. Hakukuwa na mtu. Niliiinua pikipiki jinsi nilivyofundishwa, kwa mgongo na miguu, na nilipopiga kiki ikawaka nikaipigapiga tangi kama ng'ombe. Jioni nilifika Msimbati, nikaripoti kwa mwenyekiti kama nilivyoshauriwa, maana huku ni mpakani na mgeni hujitambulisha kabla ya kutafutwa. Akaandika jina langu kwenye daftari, akanilaza kwa dada yake, na asubuhi akanichorea njia mchangani kwa kijiti.

"Utafika kwenye jangwa jeupe," akasema. Jangwa kwa watu wa huko ni ule uwanja mtupu ulio nyuma ya mikoko, ambao bahari huufikia mara chache na kuacha chumvi. "Usikate katikati. Zunguka na ukingo wa miti. Ni mbali kidogo, lakini zunguka."

Nilimsikia vizuri kabisa. Naliandika hili kwa sababu baadaye watu waliniuliza kama sikuonywa.

Nilifika kwenye jangwa kabla ya adhuhuri. Lilikuwa jeupe, tambarare, gumu kama sakafu ya saruji, na baada ya mchanga wa jana liliniita. Katikati yake ulipita mstari wa matairi ya baiskeli, umenyooka mpaka ng'ambo. Nikawaza: baiskeli imepita, mimi nitashindwaje? Sikukumbuka kwamba baiskeli ni nyepesi, wala kwamba ule mstari unaweza kuwa wa wiki iliyopita.

Nilifika nusu. Ganda la chumvi likapasuka kwa sauti kama sahani, gurudumu la mbele likazama, la nyuma likafuata. Chini ya ule weupe kulikuwa na tope jeusi linalonuka yai viza. Nikafanya kila kosa ambalo mtu anaweza kufanya: nikaongeza moto. Gurudumu la nyuma likachimba, likanirushia tope mgongoni, likazama mpaka cheni haikuonekana tena. Nikashuka, nikasukuma, nikazama na mimi mpaka magoti. Nilipotazama upande wa mikoko nikaacha kusukuma. Ardhi ilikuwa inang'aa. Maji hayakuja kwa wimbi, yalikuwa yanatoka kwenye vishimo vya kaa na kuenea bila sauti, na mstari wake ulikuwa unakuja upande wangu.

Nilikuwa bado nimeshikilia moto kwenye usukani, nadhani kwa hofu tu, niliposikia mtu anapiga kelele: "Zima! Zima hiyo!"

Wanawake wawili walikuwa wanatoka kwenye mikoko, vikapu vya kaa vichwani. Wa mbele alikuwa amevuka miaka sitini, mwembamba, kanga ameifunga juu ya magoti, anatembea juu ya lile tope haraka kuliko mimi ninavyotembea Magomeni. Nyuma yake mwingine wa kama miaka thelathini, mkwe wake, mke wa mwanawe, kama nilivyokuja kujua.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Zima kwanza, salamu baadaye."

Nikazima. Akaizunguka pikipiki mara moja, akatazama maji, akatazama miguu yangu.

"Vua viatu. Haya, ilaze."

"Niilaze wapi?"

"Hapo hapo. Ubavuni."

"Petroli itamwagika, mama."

"Funga koki," akasema, akainama akaifunga mwenyewe, kwa kidole, bila kuitafuta ilipo.

Kwa miaka minne nilikuwa nimeambiwa pikipiki isilale chini. Tukailaza. Ilipolala, magurudumu yalitoka kwenye mashimo yake kama meno, na mashimo yakabaki wazi. Mkwe alishakwenda kwenye mtumbwi wao uliokuwa umefungwa pembeni, akarudi na upondo mrefu, makuti ya kufunikia samaki na mkeka uliochakaa. Mashimo wakayajaza makuti. Mkeka wakautandika mbele. Halafu yule mama akavua kanga aliyojitanda mabegani, akaisokota na kuipitisha chini ya injini, akanipa ncha moja, mkwe akashika nyuma.

Akasema neno la Kimakonde ambalo sikulijua lakini mikono yangu ililijua, tukavuta. Sio juu, ubavuni, kama mtu anavyoburuta gunia. Ilisogea hatua moja. Akahamisha mkeka. Ikasogea nyingine. Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu, na kila nilipotaka kuharakisha alinikaripia: "Ukikimbia unachimba! Polepole." Sijui tulifanya hivyo mara ngapi. Najua kwamba tulipofika kwenye ardhi ngumu maji yalikuwa yanakaribia magoti pale tulipotoka, na kwamba hakuna kati yetu aliyekuwa na rangi yake ya asili. Mkwe alinitazama usoni, akaketi chini, akaanza kucheka. Mama yeye hakucheka. Alikuwa ameinama anatazama cheni.

"Sasa ndiyo salamu," akasema. "Umeamkaje, mwanangu?"

Tuliisukuma mpaka kwao, nyumba tatu za udongo juu ya kilima cha mchanga, zimezungukwa na mihogo. Nilitaka kukaa. Nilitaka chai. Yule mama hata kivulini hakuniacha nifike. Aliingia ndani akatoka na dumu la maji la lita ishirini, akaliinamisha juu ya injini na kuanza kuosha kwa kipande cha wavu. Maji matamu, ya kunywa. Akaosha cheni pingili kwa pingili, akaosha spoku, akaosha chini ya tangi mahali ambapo mimi sikuwahi kupagusa. Dumu likaisha. Akatoa la pili.

"Mama, tope litakauka tu, nitalikwangua," nikasema.

"Tope si neno. Chumvi." Hakuinua kichwa. "Ya mwanangu ilizama palepale ulipozama wewe. Akaiacha ilale na chumvi yake, akasema ataosha kesho. Baada ya miezi miwili cheni ikawa inavunjika kama biskuti. Alikuwa anabebea abiria nayo. Sasa yuko ng'ambo, analima machamba ya watu." Alisema machamba, kama wanavyoyaita mashamba watu wa upande wa Msumbiji. Mama mwenyewe alikotoka ni huko. Alivuka mto akiwa mgongoni kwa mama yake wakati wa vita, na Kiswahili chake kilikuwa na mawe madogo madogo ndani.

Akatoa dumu la tatu. Nusu yake aliimalizia kwenye kabureta na kwenye vikanyagio. Kisha akaniambia nipige kiki. Ikakohoa, ikakohoa tena, ikawaka. Ndipo akaniruhusu kuketi.

Nilikula ugali wa muhogo na kaa, nikalala mchana kama niliyepigwa. Nilipoamka jua lilikuwa linazama na mkwe alikuwa ameniwekea kopo la maji na kijiti cha mswaki. Nikatawadha. Nilipogeuka kutafuta wenzangu tuswali magharibi pamoja, niliwaona wawili wao wamechutama pembeni ya nyumba, kwenye mchanga safi. Wanapiga viganja chini kwa wepesi, wanapangusa uso, wanapangusa mikono. Wanatayamamu, udhu wa mtu asiye na maji.

Nilisimama na uso unatiririka maji. Nilijua maana yake papo hapo, na bado akili yangu ilitafuta maana nyingine.

"Maji mnachota wapi?" nikamuuliza mkwe baada ya swala.

Akaonyesha kwa kidevu upande niliotokea mimi asubuhi ile. "Kisima cha hapa karibu mwezi wa kumi huwa chumvi. Tunakwenda kule juu. Ukitoka alfajiri, saa tatu umerudi."

"Na yale madumu matatu?"

"Ya leo hayo," akasema, kama mtu anayejibu swali kuhusu siku ya juma.

Nimeshona maisha yangu yote nguo za watu, na najua kazi inayofanywa vizuri upande wa ndani, mahali ambapo mwenye nguo hatatazama. Hivyo ndivyo nilivyoyaona maji yale. Mama yule hakunitaka nijue. Kama nisingeamka wakati ule wa magharibi ningeondoka asubuhi yake nikiwa nimesema asante ya kawaida, nikasahau.

Asubuhi, kabla hawajachukua madumu, niliyachukua mimi. Mama alikuwa mlangoni.

"Wewe unakwenda mtoni," akasema.

"Nakwenda kisimani, mama."

"Njia ni mchanga. Utaanguka."

"Nitaanguka."

Akaingia ndani akanitolea mpira wa kufungia, ule wa tyubu iliyokatwa utepe, na akanionyesha jinsi ya kuyafunga: mawili chini pande mbili, moja juu, mdomo uelekee mbele. Pia akanipa mkwe. Alipanda nyuma wakati wa kwenda kunionyesha njia, akiwa ameshika kiuno changu na kucheka kila pikipiki ilipoyumba.

Kwenda ilikuwa rahisi. Kurudi na lita sitini ni jambo jingine. Nilianguka mara moja, kona ya kwanza, dumu la juu likapasuka mfuniko na maji yote yakanywewa na mchanga kabla sijainuka. Nilitazama ile alama ya unyevu inavyotoweka. Nikarudi kisimani nikapanga foleni upya. Akina mama waliokuwa pale walikuwa wameniona naanguka, na mmoja, bila kuniuliza, akanitanguliza mbele yake.

Safari ya pili nililegeza mikono. Nilisimama juu ya vikanyagio, nikaacha pikipiki icheze chini yangu, macho nikayatuma mbali kwenye mti wa mwisho wa njia, na tukafika, maji yote. Mama aliyapokea, akayaingiza ndani. Nikageuza. Safari ya tatu nilibeba ya nyumba ya pili, na ya nne ya bibi mmoja kipofu aliyekaa nyumba ya mwisho. Ikawa kila nikirudi kisimani nakuta madumu yamepangwa yananisubiri, na mwenyewe ananiambia tu, "Ile yenye bati jekundu," au "Kwa mama wa mapacha." Niliendesha mpaka adhuhuri. Sijawahi kuendesha vizuri namna ile, kabla wala baada. Hakuna aliyenipigia makofi, na kwa kweli hakuna aliyekuwa na nafasi; kila mmoja alikuwa na kazi ambayo asubuhi nyingine ingeliwa na njia ya kisimani. Mwanamke mmoja alikuwa anafua. Mwingine amelala chini ya mkorosho, mdomo wazi, mchana kweupe, na wenzake wanapita kwa kunyata wasimwamshe.

Mchana ule ndio mama aliponiambia, "Haya, twende ukaone mto wako."

Tulikwenda na mtumbwi, yeye nyuma na upondo, mimi mbele nimeshika kingo. Alipita kwenye mikoko kwa njia ambazo sikuziona mpaka tulipokuwa ndani yake. Wakati mmoja aliacha kusukuma, akanyanyua mkono ninyamaze. Mbele yetu, mahali palipopanuka, kulikuwa na masikio ya viboko, kisha pua, kisha mgongo mmoja mkubwa uliozama tena. Tulisubiri. Sijapata kumwona mtu anayesubiri vizuri vile. Hakuwa na hofu wala haraka. Alikuwa anahesabu kitu kwa pumzi zao, na alipomaliza akatupitisha karibu na ukingo mwingine, polepole, bila upondo kugonga mtumbwi hata mara moja.

Halafu mikoko ikaisha.

Nilikuwa nimetarajia mstari. Mto huku, bahari kule. Nilichokiona ni uwanda wa maji usio na mwisho wenye rangi tatu, kahawia, kijani na buluu, zinasukumana. Na katikati yake visiwa vya mchanga vyenye ndege weupe, na nje zaidi povu mahali maji mawili yanapokutana. Kahawia ilikuwa inaingia ndani ya buluu mbali sana, kama kitambaa kilichochovywa.

"Unaingilia wapi hasa?" nikauliza.

"Mwaka huu pale." Akaonyesha. "Nilipomzaa huyu mwanangu wa pikipiki, ulikuwa unaingilia kule, kwenye miti ile. Nilipoletwa mgongoni, mama alisema ulikuwa ng'ambo zaidi. Shamba letu la kwanza la mpunga liko chini ya pale penye ndege."

"Na hamkuhama?"

"Tulihama. Hatua mia." Akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue, meno machache na yote meupe. "Mto ukihama na wewe unahama, ukirudi unarudi. Utagombana nao?"

Tulikaa pale mpaka maji yalipoanza kugeuka. Aliniambia majina ya milango ya maji, na mahali anapopata kaa wakubwa, na mahali ambapo mumewe, Mungu amrehemu, aliwahi kumkuta mamba amelala ndani ya mtego wa samaki. Mikono yake haikuacha kufanya kazi hata alipokuwa anasimulia. Alikuwa anakaza kamba ya kikapu. Niliitazama ile mikono. Nimewafundisha mamia ya wasichana kushika sindano, na ningempa yule mama darasa langu lolote siku yoyote.

Asubuhi iliyofuata nilimwandikia mkwe namba yangu ya simu, nikamwachia mama mkeka wangu, maana wake tuliuharibu kwenye tope, na tyubu mpya ya mume wangu, aikate mipira ya kufungia. Aliukubali mkeka. Tyubu akairudisha kwenye begi langu na kulifunga. "Hii ni ya njiani. Njia bado."

Alisema kweli. Njia ya kufuata mto kwenda Kilambo na Mahurunga ilikuwa changarawe nyekundu iliyolegea, na mbele kidogo ya pantoni ya kuvukia Msumbiji nilipata pancha ya nyuma. Nilifungua gurudumu chini ya mkorosho, peke yangu, nikaweka tyubu mpya. Askari wawili wa doria walikuja, wakatazama kitambulisho, wakaniuliza natoka wapi, nakwenda wapi, na mume wangu yuko wapi. Nikasema yuko Mtwara. Mmoja akauliza nani amenifundisha kufungua tairi. Nikasema ni yeye. Wakatazamana, wakanishikia pikipiki isiyumbe wakati narudisha ekseli, wakanitakia safari njema.

Nililala Mahurunga kwa mwalimu mwenzangu wa zamani, na siku ya tano nikapanda mlima wa Kitaya. Huo mlima nilikuwa nimeuogopa tangu Magomeni. Mawe ya mviringo, kona kali, na lori la korosho linateremka na vumbi lake. Nilikaa pembeni likapita, nikasubiri vumbi litulie, nikaweka gia ya pili, nikalegeza mikono. Juu kabisa nilisimama. Mto ulionekana wote chini, unajikunja na kujikunjua mpaka unapopotelea kwenye ukungu wa upande wa bahari. Sikupiga picha. Nilikula mabibo mawili niliyopewa na familia iliyokuwa inaokota hapo juu, juisi ikanichuruzika mpaka viwiko, nikaendelea.

Nyumbani mume wangu alinipokea mlangoni, akanitazama mimi, akaitazama pikipiki, akarudi kunitazama. "Umepungua," akasema. Usiku tulipokuwa tunakula nilimsimulia yote, na nilipofika kwenye tayamamu aliacha kula. Hakutania. Aliniuliza tu, "Na wewe ukafanyaje?" Nikamwambia habari ya kisima. Akaitikia kwa kichwa, akanisogezea bakuli la samaki.

Kama wiki mbili baadaye, niko darasani, simu ikaita namba nisiyoijua. Alikuwa mkwe. "Mama anauliza kama inawaka."

"Mwambie inawaka kiki ya kwanza."

Nikasikia sauti ya mama kwa nyuma, Kimakonde cha haraka ambacho nusu yake ilinipita, na mkwe akacheka mpaka simu ikakatika. Nilipiga mara tatu siku ile, haikupatikana. Kesho yake akapokea mama mwenyewe. Alizungumza kwa nguvu, kama watu wanaodhani umbali unashindwa kwa sauti. Akaniuliza afya, akaulizia afya ya mume wangu, akauliza chuo. Kisha akaniambia kwamba mvua ya kwanza imenyesha kwao, mapema, mbili mfululizo, na kisima cha karibu kimeanza kurudi utamu.